Mguuni pa Mlima, Ulizeni Udongo Kwanza

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Morogoro, awe ndani ya basi au ndani ya gari moshi jipya la umeme lililoanza kuchukua abiria mwaka 2024, huuona mlima kabla hajauona mji. Uluguru husimama mbele yake kama ukuta wa buluu, vilele vyake vikipita mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na mji wenyewe umejikunja chini yake kwenye kimo cha mita 500 hivi. Wenyeji huuita mji kasoro bahari, kwa maana kwamba kila kitu wanacho isipokuwa bahari. Maji ya mlimani wanayo, ardhi ya rutuba wanayo, na hewa nzuri wanayo. Haishangazi basi kwamba watu wanamiminika kwenda kujenga huko. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilikuta katika Manispaa ya Morogoro watu zaidi ya 315,000. Ile ya mwaka 2022 ilikuta zaidi ya 470,000.

Watu hao wote wahitaji nyumba. Nasi twapenda leo kuwaambia wasomaji wetu, wa Morogoro na wa miji mingine iliyo mguuni pa milima, kama Arusha, Moshi na Mbeya, neno moja ambalo aghalabu husemwa wakati umekwisha kupita: nyumba haianzi kwenye tofali la kwanza. Huanza kwenye udongo ulio chini yake, na udongo huo yapasa uulizwe kabla ya sululu ya kwanza kupigwa.

KIINUA MGONGO CHA MWALIMU

Jamaa yetu mmoja, mwalimu aliyefundisha miaka mingi, alipostaafu alichukua kiinua mgongo chake akakitia chote katika nyumba. Alipata kiwanja kizuri upande wa tambarare, mbali kidogo na mlima, pasipo jiwe wala mteremko. Kaka yake alikuwa amejenga miaka kumi kabla kule juu, mtelemkoni, na nyumba ile haikuwa na hata mstari mmoja ukutani. Mwalimu akamwita fundi yule yule, akamwambia, "Nijengee msingi kama wa kaka." Fundi, ambaye hakuwa mwizi wala mvivu, akajenga kama alivyoagizwa, kwa saruji ya kutosha na mawe mazuri.

Masika ya kwanza ilipita salama. Kiangazi kilipofuata, ufa mwembamba ukatokea juu ya dirisha, ukapanda kwa mshazari hadi kwenye lenta. Masika ya pili milango ikakataa kufungwa. Kiangazi ikalegea tena. Mwalimu akapiga plasta, ufa ukarudi. Akapiga plasta mara ya pili na ya tatu, na kila mara ufa ukarudi mahali pale pale, mpana kuliko kwanza. Mmoja akamwambia saruji ilikuwa ya zamani. Wa pili akalaumu tofali. Wa tatu, kama ilivyo desturi yetu, akanong'ona kwamba kuna jirani mwenye kijicho.

Mwishowe alifika kijana mmoja aliyesomea kazi hiyo, naye hakuugusa ukuta. Aliomba chepeo, akachimba shimo uani, akatoa bonge la udongo mweusi unaong'aa kama sabuni mahali chepeo ilipokata. Akamwambia, "Shikamoo yangu ipokee, Mzee, lakini habari si nzuri. Nyumba yako haina ugonjwa. Ardhi yako ndiyo inayopumua."

Mwalimu hakuwa na fedha nyingine. Fundi hakuwa na kosa ambalo angeweza kushitakiwa. Wala aliyemuuzia kiwanja hakusema uongo, kwa kuwa hakuulizwa. Shimo lile lililochimbwa kwa muda wa saa chache, lau lingechimbwa kabla ya ujenzi, lingeokoa kazi ya maisha mazima.

MLIMA NDIO ULIOUUMBA UDONGO

Ili tuelewe kwa nini msingi ulioibeba nyumba ya kaka haukuweza kuibeba ya mdogo wake, hatuna budi kutazama jinsi udongo wa mji wa namna hii unavyozaliwa.

Uluguru ni mawe ya kale mno, yaliyogeuzwa kwa joto na kanieneo kubwa ndani ya ardhi kabla ya kuinuliwa juu. Mvua na jua huyala mawe hayo kidogo kidogo, karne baada ya karne, hata yakawa udongo. Sehemu ya udongo huo hukaa pale pale ulipozaliwa, na sehemu nyingine huteremka, ama kwa kuporomoka ama kwa kuchukuliwa na maji. Vizito huachwa karibu na vyepesi hupelekwa mbali. Ndiyo sababu mtu akitembea kutoka mlimani kwenda tambarare, kwa mwendo usiozidi saa mbili, huwa amepita juu ya ardhi za namna tatu au nne zisizofanana kabisa.

Juu mtelemkoni atakuta udongo mwembamba juu ya mwamba. Mwamba huo ni msingi bora, lakini ardhi yenyewe imeinama. Chini kidogo, mguuni hasa pa mlima, atakuta udongo mwekundu wenye kina, ambao wekundu wake watokana na chuma kilichomo ndani yake. Huo kwa kawaida huchukua nyumba vizuri maji yakiongozwa ipasavyo. Kando ya mito, kama ule wa Morogoro unaoteremka kutoka mlimani kwenda kuungana na Ngerengere, atakuta mchanga, changarawe na matope vilivyopangana kama kurasa za kitabu, na mara nyingine mkondo wa kale wa mto uliokwisha kufukiwa, ambao hakuna mtu aliye hai aliyeuona ukipita maji. Na mwisho, tambarare mabondeni, ndipo atakapokuta udongo mweusi wa mbuga, ule uliomtesa mwalimu wetu.

Kuna na mtego mwingine ulio wa miji ya mguuni pa mlima peke yake. Katika ule udongo ulioporomoka zamani mna majabali yaliyoporomoka pamoja nao, mengine makubwa kama gari. Fundi akichimba msingi na mtarimbo ukagonga jiwe, hufurahi akasema, "Tumefika kwenye mwamba." Kumbe si mwamba, ni jiwe la safari lililolala juu ya udongo laini. Basi pembe moja ya nyumba hukaa juu ya jiwe lisilotitia, na pembe nyingine hukaa juu ya udongo unaotitia. Nyumba iliyotitia sawasawa pande zote aghalabu haina neno, ila iliyotitia upande mmoja hupasuka. Dawa ya mtego huo ni moja tu, nayo ni kutochimba shimo moja ukaridhika. Chimba penye pembe mbili au tatu za nyumba, kisha linganisha.

UDONGO UNAOPUMUA

Udongo mweusi wa mbuga umefanywa kwa chembe nyembamba mno, zilizolaliana kama karatasi. Maji yakiingia kati ya karatasi hizo, huziachanisha, na udongo huvimba. Jua likiyatoa maji hayo, udongo hunywea na kupasuka nyufa ambazo katika kiangazi kikali mtu aweza kutia mkono wake ndani. Wakulima wa mpunga na pamba waujua sana udongo huu na waupenda. Mjenzi yampasa auogope.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulielewa kinyume, na kwa maoni yetu ndilo kiini cha habari yote hii. Watu hudhani kwamba uchunguzi wa udongo ni mambo ya maghorofa, na kwamba nyumba ndogo, kwa kuwa ni nyepesi, haihitaji taabu hizo. Juu ya udongo unaovimba, ukweli ni kinyume chake. Hebu tufanye hesabu. Ukuta wa tofali za saruji wenye unene wa sentimita 15 na kimo cha mita 3 una uzito wa karibu kilo 900 kwa kila mita moja ya urefu wake. Uzito huo ukitandazwa juu ya msingi wa upana wa sentimita 60, huikandamiza ardhi kwa tani moja na nusu hivi kwa kila mita ya eneo. Lakini udongo mweusi unapovimba waweza kusukuma juu kwa nguvu iliyo mara kumi ya hiyo, na hata zaidi. Ghorofa huukalia udongo kwa uzito wake mkubwa, na zaidi ya hayo huwa ina mhandisi wake. Nyumba ya vyumba vitatu ya mwananchi wa kawaida ndiyo inayoinuliwa kama kifuniko cha sufuria inayochemka, kisha huachwa ianguke kiangazi kinapofika.

Wala mtu asifikiri kwamba kiwanja chenye udongo mweusi hakifai kitu. Chafaa, mradi ajue alicho nacho. Penye udongo usio na kina kirefu, huondolewa wote na kujazwa moramu iliyoshindiliwa vizuri. Penye kina kirefu, nyumba huwekwa juu ya jamvi la zege lenye nondo na mihimili, ili iinuke na kushuka kwa pamoja bila kuvunjika, au husimamishwa juu ya nguzo zilizochimbiwa hadi chini ya tabaka linalobadilika kwa majira. Kubwa kuliko yote ni kuzuia maji yasibadilike badilike kando ya msingi. Nyumba izungushiwe sakafu ya zege nje, maji ya paa yaongozwe mbali, karo la maji machafu lisikae karibu na ukuta, na miti mikubwa isipandwe dirishani. Kosa linalofanywa mara nyingi ni kuchimba mtaro katika udongo mweusi na kuujaza mchanga mtupu. Mchanga huo hukusanya maji ya mvua kama beseni, na kuunywesha ule udongo uliotakiwa kukaa mkavu.

MTELEMKONI ADUI NI MAJI

Tuliyoyasema ni ya tambarare. Aliyejenga juu, mtelemkoni, asidhani kwamba amepona. Yake ni mengine.

Katika mteremko, mjenzi hukata ardhi upande wa juu na kujaza kifusi upande wa chini ili apate uwanja ulio sawa. Nusu ya nyumba ikakaa juu ya ardhi ya asili iliyoshikana tangu zama, na nusu ikakaa juu ya kifusi cha juzi. Tumekwisha kusema nini huipata nyumba iliyotitia upande mmoja. Kifusi, ikiwa hapana budi kitumike, hutandazwa kwa matabaka membamba ya sentimita 15 hadi 20, kila tabaka likiloweshwa kwa kiasi na kushindiliwa kabla ya kuwekwa la pili. Kifusi kilichomwagwa kwa lori mara moja na kusawazishwa juu kwa reki hakitoshi hata kwa banda la kuku.

Kisha hujengwa ukuta wa kuzuia udongo, nao ndio unaotutia hofu tupitapo katika mitaa ya juu. Kuta nyingi tulizoziona ni za tofali nyembamba, ndefu kuliko mtu, wala hazina kitundu hata kimoja cha kutolea maji. Wenye kuta hizo wanadhani kwamba kazi ya ukuta ni kuzuia udongo peke yake. Maji yakijaa nyuma ya ukuta wa kimo cha mita 2, hayo peke yake, mbali na udongo, huusukuma kwa nguvu ya tani 2 kwa kila mita ya urefu. Na ukuta ukiwa wa mita 4, nguvu haiwi maradufu tu. Huwa mara nne, yaani tani 8. Kwa sababu hiyo mhandisi huweka kokoto nyuma ya ukuta, na vitundu chini yake, ili maji yatoke kabla hayajakusanya nguvu. Vitundu hivyo havigharimu kitu, na kukosekana kwake ndiko kunakoangusha kuta usiku wa mvua.

Mwanachuoni Karl Terzaghi, ambaye kitabu chake cha mwaka 1925 ndicho kilichoifanya elimu ya udongo kuwa elimu kamili ya wahandisi, alitufundisha sababu yake. Chembe za udongo hushikana kwa kukandamizana. Maji yakijaa katikati yake na kukosa pa kutokea, huchukua sehemu ya uzito ule, chembe huachiliana, na ardhi iliyosimama imara jana leo huteleza kama uji. Ardhi haikubadilika, maji ndiyo yaliyoingia.

Uluguru wenyewe ulipata kutupa ushahidi. Tarehe 23 Februari, 1970, mvua ya kiasi cha milimita 100 ilinyesha Mgeta, upande wa magharibi wa milima hiyo, kwa muda wa saa tatu hivi. Maporomoko zaidi ya elfu moja yalitokea. Wataalamu walioyachunguza waliona kwamba karibu yote yalianzia kwenye mashamba na nyasi, na machache mno ndiyo yaliyoanzia penye msitu. Mizizi ya miti hushona udongo. Akataye miti juu ya mtaa wake ili apate kiwanja akate akijua kwamba afumua ushonaji huo.

TAZAMA JUU PIA

Mtu aweza kupima udongo wa kiwanja chake, akaukuta mzuri, akajenga kama sheria itakavyo, na bado akapotea, kwa kuwa hatari haikuwa chini yake. Ilikuwa juu yake.

Tarehe 3 Desemba, 2023, mji mdogo wa Katesh, ulio mguuni pa Mlima Hanang wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, uliamka kwenye mvua kubwa. Sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu iliyonyonya maji ilimeguka. Matope, mawe na magogo yakafuata mabonde hadi ndani ya mji na vijiji jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Haikupita miezi mitano, mnamo Aprili 2024, matope yaliteremka katika mtaa wa Itezi mjini Mbeya na kufukia nyumba na majengo ya shule.

Maji hufuata mkondo, na matope ya mlimani hali kadhalika. Hupita njia walizopita maji ya zamani. Bonde dogo lililo kavu miaka ishirini si bonde lililokufa. Ni njia iliyolala. Rundo la mawe makubwa ya mviringo katikati ya kiwanja tambarare si pambo la Mungu, ni barua kutoka mlimani isemayo, "Niliwahi kufika hapa." Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Wengi huiona sheria hiyo kama uonevu kwa mwenye kiwanja kidogo. Sisi twaiona kama kauli ya mtu aliyesimama juu ya mlima akitupungia mkono.

UDONGO HUULIZWAJE

Kuuliza udongo si uganga wala si jambo la wenye mashini peke yao. Huanza kwa miguu na macho. Kizunguke kiwanja chako wakati wa kiangazi, ukizitazame nyufa za ardhi. Kirudie wakati wa masika, uone maji yanakotuama. Tazama nyumba za jirani, hasa pembe za madirisha. Waulize wazee wa mtaa, kwa adabu, mto ulipita wapi walipokuwa watoto. Tazama miti na nguzo za mtelemkoni: zilizoinama zote upande mmoja zasema ardhi inatembea polepole.

Kisha chimba. Kwa nyumba ya kawaida, mashimo mawili au matatu ya kina cha mita 2 hivi ni kazi ya siku mbili ya vibarua wawili, na shimo lipitalo kimo cha kifua lisiingiwe kabla ya kuegemezwa kingo zake kwa mbao. Tazama matabaka, rangi, na maji yanapoanza kutoka. Chukua udongo kutoka chini, si ule wa juu. Lowesha kidogo ukauviringishe kiganjani. Ukiweza kuufanya uzi mwembamba wa milimita 3 usiokatika, una udongo wa mfinyanzi mwingi. Mtaalamu ataendelea zaidi. Atachukua mililita 10 za unga mkavu wa udongo huo, atautia katika chupa ya vipimo yenye maji, na kuuacha siku nzima. Ukifikia mililita 20, yaani umejaa maradufu, huo ni udongo wa kuogopwa.

Jengo likiwa kubwa, hutobolewa matundu marefu kwa mashini. Ndani ya tundu hupigwa nyundo ya kilo 63.5 iangukayo kutoka kimo cha sentimita 76, na yahesabiwa mapigo mangapi yatakiwa ili chombo kizame sentimita 30. Mapigo manne maana yake ni udongo dhaifu. Mapigo hamsini maana yake umekaribia ardhi ngumu. Hesabu hizo ndizo mhandisi azitumiazo kuamua upana na kina cha msingi. Naye hatazami pale msingi unapogusa tu, maana uzito wa jengo huhisiwa chini hadi kina cha mara moja na nusu, hata mara mbili, ya upana wa msingi.

NANI AFANYE NINI

Twajua jibu litakalotolewa. Mwananchi atasema, "Haya ni mazuri, lakini fedha niliyo nayo haitoshi hata saruji, nitampata wapi mhandisi?" Hatulidharau jibu hilo. Ni kweli kwamba mwenye kujenga kidogo kidogo, tofali mia mwezi huu na mia mwezi ujao, hawezi kuleta mashini ya kutoboa ardhi. Lakini mashimo mawili aweza. Na apigapo hesabu aikumbuke plasta ya mwalimu, iliyopigwa mara tatu bila kuponya kitu.

Hata hivyo, mzigo huu si wa mwananchi peke yake. Halmashauri zipimapo viwanja vipya huweka mawe ya mipaka na kuonyesha barabara. Twaona yapasa zionyeshe pia udongo. Mashimo machache ya uchunguzi katika kila eneo jipya, yaliyochimbwa mara moja kwa gharama ya wote, yangewatosha wanunuzi mamia kama mwongozo wa awali, na kila mmoja angejua kabla ya kulipa kama anunua udongo mwekundu au mweusi, mteremko au njia ya matope.

Tena kuna hazina iliyofichwa. Kila ghorofa, kila daraja, kila tangi la maji na kila kituo cha reli kilichojengwa Morogoro katika miaka hii kilitanguliwa na uchunguzi wa udongo. Taarifa zake zimo katika makabati ya ofisi mbalimbali. Zikikusanywa na kuwekwa juu ya ramani moja, mji ungejua tumbo lake bila kuchimba upya. Mji huo una chuo kikuu kinachoitwa kwa jina la Sokoine, ambacho wataalamu wake wameusoma udongo wa nchi hii kwa miaka mingi kwa ajili ya kilimo. Elimu ya udongo haibadiliki kwa sababu juu yake patapandwa nyumba badala ya mahindi.

Kwa mafundi wetu twasema kwa heshima: ninyi ndio wahandisi wa walio wengi. Mteja akisema, "Nijengee kama ya kaka," mjibuni, "Kwanza tuchimbe." Mkikuta udongo mweusi, au jiwe lililo peke yake, au maji, simamisheni kazi mkaulize. Fundi asimamishaye kazi siku moja ili aulize hajapungukiwa na heshima yake. Na kwa wahandisi twasema: teremkeni kutoka kwenye majengo marefu. Mwenye nyumba ya vyumba vitatu awahitaji ninyi kuliko mwenye ghorofa, na ushauri wa saa moja kando ya shimo, kwa malipo ambayo mtu wa kawaida ayaweza, ni utumishi mkubwa kwa taifa.

Wahenga walisema kwamba asiyeziba ufa atajenga ukuta. Tukizingatia yale ya mguuni pa mlima, twathubutu kuongeza neno juu ya lao: kuna ufa usiozibika kwa sababu hauko ukutani. Mwalimu wetu bado aishi katika nyumba yake, ameondoa mti uliokuwa dirishani, amezungusha sakafu ya zege nje, na maji ya paa sasa yaenda mbali. Nyufa hazijakoma, ila zimepunguza mwendo. Uani ameliacha lile shimo wazi, amelizungushia uzio wa miti, na kila jirani ajaye kumwambia kwamba amepata kiwanja humpeleka kwanza pale akalitazame.